Herufi Kumi na Moja

Mimi hulipwa kwa herufi.
Kwa hiyo msinitafutie msimamo:
Pakachatupu ni herufi kumi na moja,
Koral Bei ni nane,
na kopo hili la rangi nimelikopa Wete.

Tulikaa barazani pa chuo baada ya alasiri,
kibao kimeegemezwa ukutani, cheupe,
rangi ya chini bado inanata,
na inzi mmoja keshajiandika juu yake
bila kumuuliza mtu.

Akaanza Suwedi wa kamati ya utalii.
Mgeni, alisema, hapandi ndege
kuja kulala penye njaa.
Hoteli ya kule pwani imeshabandika jina lake,
ramani za simu zimeshalifuata,
sisi tumebaki kama mtu anayeitwa asiitike.
"Koral Bei," akasema, akalirudia polepole
kama anayeonjesha halua.

"Bei gani?" akauliza Bi Mize Shaame.
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
"Nauliza. Mmesema bei. Nani anauza?"

Mwalimu Mbarouk akasimama na daftari lake.
Jina, alisema, ni mwaka wa ukame:
wanawake walikwenda kijiji cha pili kuomba muhogo,
wakarudi na mapakacha hayana hata jani.
Tukilifuta tutakuwa tumewasamehe waliotunyima,
na wao hawajaomba radhi mpaka leo.

Hamad Kijuba akamkata: uongo!
Ni pakacha la karafuu lililotoboka njiani,
mchukuzi akafika mwepesi, anapiga mbinja,
si mnajua, kuvuja kwa pakacha...
"Nafuu kwa mchukuzi!" tukaitikia sote,
hata Suwedi,
tukasahau kidogo tulichokuwa tukigombania.

Vijana wa timu walikuwa wamesimama nje, viatu mkononi.
Jezi zimeshachapwa, walisema, deni halijalipwa.
Kila tukenda kucheza wanatuzomea: tupu! tupu!
Nasi tunawajaza magoli.
Tukiitwa hiyo Bei,
watatuzomea nini?

Nikaona limekwisha.
Nikafungua kopo, nikachovya brashi,
nikashusha mguu wa P, umenyooka, mweusi.

"Ngoja, fundi," alisema Bi Mize.

Nilidhani ataniharakisha.
Umri wake wote ule, nani angelipenda jina kumshinda?

"Mwalimu kasoma. Mimi nilikuwemo.
Mapakacha yalikuwa matatu, nikabeba lile dogo.
Kwenda lilikuwa jepesi, kurudi likanilemea,
msiniulize vipi, halikuwa na kitu.
Kisha nikaolewa huko huko kwa waliotunyima,
na mawifi wakaniita Tupu, mbele ya wanangu,
mpaka nikafiwa nikarudi.
Huyo Koral simjui, simtaki.
Na hilo lenu pia silitaki.
Tafuteni la tatu. Hata la mti. Hata la mbuzi."

Mwalimu akafunga daftari.
Kijana mmoja akaitazama jezi yake,
akaikunja, maandishi ndani.
Tukatafuta la tatu, wallahi tulitafuta,
mtu akasema Mkungumtamu, mwengine akasema lipo tayari, Mkoani,
mtu akasema Amani, tukanyamaza kwa adabu.
Sheha Faki akatazama saa.
"Itaandikwa barua wilayani," akasema,
na kila aliyekuwapo alijua
barua ya wilayani huzeeka kuliko mwandishi wake.

Kibao nimekiweka bandani kwangu, nyuma ya baiskeli.
Kina mguu mmoja tu wa herufi
na inzi wake.
Mguu wa P ndio huo huo mguu wa K,
unangoja uambiwe uinuke tumbo au urushe mikono,
na mimi, kwa vile silipwi kwa miguu,
nimeuacha hivyo hivyo.

Usiku mke wangu kaniuliza nimeleta nini.
Nikamtajia jina la kijiji.